Nilivyoingia Usenge na Matairi Mapya

Ndugu zangu Simiyu na Kiprono,

Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya ufuo mzima wa watu, nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nawaandikia sasa hivi, jua likiwa ndiyo kwanza limetua, kwa sababu wachuuzi wa samaki wa huku wanafika mpaka soko la Eldoret, na nisingependa habari hii iwafikie kupitia mtu aliyekuwa amejishika mbavu. Afadhali msikie kwangu.

Mambo yalianza jana Ijumaa, nilipotoka kazini.

Pikipiki yangu mnaijua. Na matairi yake mnayajua, maana nyinyi wenyewe ndio mlioyapa jina la kipara. Meno yake yaliishia njia ya Kimilili, mwaka ule wote Mama alipokuwa mgonjwa na mimi nikienda kumwona kila mwisho wa wiki. Tangu tulipomzika, pikipiki haina safari. Inanitoa Nyalenda hadi ghala la pamba, maili moja na nusu, halafu inanirudisha. Jumapili inanipeleka kanisani. Basi. Sasa juzi asubuhi nimesimama nje ya nyumba, naipasha moto injini, tairi la nyuma likapasuka. Likiwa limesimama. (Nafikiri lilikata tamaa.) La mbele nikalikagua, nikaona uzi unachungulia. Hakukuwa na la kujadili.

Nikaenda duka la vipuri karibu na soko. Mwenye duka ni Mhindi mzee, mpole, anaitwa Bwana Hirji. Akaniwekea matairi ya namna mbili juu ya meza. Moja lilikuwa na mistari myembamba, laini, kama uso wa mtu aliyechanjwa zamani. Jingine lilikuwa na meno makubwa kama jembe.

"Chagua, Bwana," akasema.

"Lipi ni zuri?"

"Yote mazuri. Mimi sichagui na wewe huchagui. Barabara ndiyo inachagua. Unakwenda wapi na hii pikipiki?"

Ndugu zangu, swali lile. Nilisimama pale na mkono juu ya tairi kama mtu anayeapishwa. Nakwenda wapi? Kwa safari zangu mimi, viatu vingetosha. Nyuma yangu kulikuwa na wateja wawili wanasubiri, na mmoja alikuwa ameanza kukohoa kile kikohozi cha kuharakisha watu. Nikafungua mdomo na neno likatoka lenyewe.

"Usenge."

Sijawahi kufika Usenge. Lakini kuna Mzee Ogola. Sijui kama niliwahi kuwaandikia habari zake. Nilipohamishiwa Kisumu nilimkuta kwenye mizani, tukafanya kazi pamoja miezi minne, yeye akisoma uzito kwa sauti na mimi nikiandika. Halafu akastaafu, akarudi kwao Usenge, kando ya ziwa. Siku ya mwisho alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Bwana, uje unitembelee. Uliza tu Ogola wa mizani." (Ni kweli, alimwambia hivyo hivyo mlinzi, na karani, na mama anayetuuzia chai. Lakini na mimi aliniambia.) Miezi minane imepita. Katika mji wote wa Kisumu, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia njoo kwangu.

"Usenge," Bwana Hirji akarudia. "Ukipita Kisian lami imekwisha. Huko ni murram na mawe. Chukua haya ya meno."

Nikayachukua. Nilipita nayo mjini, moja bega hili, moja bega lile, na nawaambieni, matairi mapya yanampa mtu uzito. Watu walinipisha njia. Nilipofika Nyalenda, akina mama walikuwa kwenye foleni ya maji, pale bombani. Jirani yangu, mama mmoja ambaye huniamkia kila asubuhi kwa Kijaluo na kuishia hapo, akanitazama.

"Baba, leo umenunua tairi."

"Ndiyo, Mama."

"Unasafiri?"

"Kesho naenda Usenge."

"Salimia watu."

(Nimefikiria njia nzima. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kufanya.)

Fundi wangu anaitwa Okoth, ana kibanda chake hapo hapo barabarani. Alinifungia matairi, akayasugua kwa mchanga mkavu, kisha akanikalisha chini kama mtu anayetaka kuoa.

"Bwana, sikiza. Hii tairi ni mpya. Iko na mafuta ya kiwanda juu yake, inateleza. Maili mia ya kwanza, enda pole. Usilalie kona. Usishike breki kama mtu ameona chui. Barabara itakula hiyo ngozi ya juu polepole, halafu tairi itakuwa yako."

"Maili mia moja?"

"Mia moja. Hesabu."

Kutoka Kisumu kwenda Usenge ni kama maili hamsini. Kwenda na kurudi, mia. Usiku ule nililala nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu.

Leo ghala limefungwa, wanarekebisha mizani. Nikaamka mapema. Nikavaa shati jeupe, suruali ya kanisani, na ile miwani mikubwa ya kuzuia vumbi. Nikafunga nyuma ya pikipiki mkate mmoja, sukari na majani ya chai, zawadi za Mzee. Nikaondoka mwendo wa maili ishirini kwa saa.

Mnajua mwendo wa maili ishirini kwa saa? Ni mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Kabla ya Kisian nilipitwa na lori, nikapitwa na basi, yote sawa. Halafu, kwenye mteremko mmoja, nikapitwa na baiskeli. Juu ya baiskeli mwanamume, nyuma yake mke wake, na mikononi mwa mke kuku wawili. Mwanamume alitazama mbele. Mke alitazama mbele. Kuku walinitazama mimi.

Lakini nilimtii fundi. Kila kona niliipita nimenyooka kama askari wa gwaride. Nilianza kushika breki mapema kiasi kwamba mbuzi walipata nafasi ya kufikiria mara mbili. Na baada ya Ndori, murram ikiwa imetulia na hewa bado baridi, nikaanza kuonja raha. Matairi yalikuwa yanavuma chini yangu, sauti nzito, nzuri. Sikuwa nimesikia pikipiki yangu ikivuma namna hiyo tangu njia ya Kimilili. Nikaanza kuzungumza. Nilifanya mazoezi ya salamu. "Mzee Ogola, habari za siku nyingi." Nikaona ni kavu. "Mzee wangu, nimekuja kama nilivyoahidi." Sikuwa nimeahidi. Nikajaribu nyingine. Mpaka nafika Bondo nilikuwa nimemsalimia Mzee Ogola mara kumi na nne, na yeye amenijibu vizuri kila mara.

Saa nne na kitu nikaingia Usenge. Nikasimama kwenye duka la mwisho kabla ya mteremko wa kwenda ufuoni, nikauliza.

"Ogola wa mizani?" mwenye duka akasema. "Yuko huko chini. Anapimia akina mama omena. Shuka tu."

Nikatazama chini. Niliuona ufuo wote. Mitumbwi imevutwa nje ya maji, nyavu kuukuu zimetandazwa mchangani na juu yake zimeanikwa omena, wale dagaa wadogo wa rangi ya fedha, eneo kubwa kama uwanja wa kanisa. Akina mama na mabeseni. Wanunuzi. Na katikati yao mizani imening'inia kwenye mti wa miguu mitatu, na kando yake kofia ninayoijua.

Kisha nikaitazama pikipiki yangu. Vumbi. Vumbi jekundu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, na matairi yote mawili yamekuwa rangi moja na barabara. Mtu asingeweza kujua kama ni mapya au ni yale ya kipara. Nimesafiri maili hamsini, nimepitwa na kuku, halafu nifike mbele ya watu na matairi yanayofanana na ya kila mtu?

Sasa hapa, ndugu zangu, naomba mnivumilie.

Nilinunua kopo la rangi ya viatu. Nyeusi. Nikachukua leso yangu, nikachuchumaa pale nje ya duka, nikaanza kuyang'arisha matairi. Kando zake zilipendeza mara moja. Na kando peke yake zingetosha. Lakini mimi nikianza kazi huimaliza. Nikapaka na meno. Jino moja moja, mbele na nyuma, nikizungusha gurudumu. (Okoth hakuniambia nisipake kitu. Hilo nitalishikilia mpaka kaburini.)

Mama mmoja mzee aliyekuwa anauza ndizi alinitazama kwa muda mrefu.

"Baba, hiyo ni kiatu?"

"Ni tairi, Mama."

"Naona," akasema.

Nikapanda pikipiki. Matairi yaling'aa kama viatu vya mchungaji. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo, na nikajifuta jasho usoni bila kukumbuka hilo.

Kwa maili hamsini nilikuwa mtiifu. Zilibaki yadi mia tatu. Mzee Ogola alikuwa pale chini, mgongo wake kwangu, na sikutaka kumfikia kama mtu anayefuata jeneza. Nilitaka ageuke aone mtu amekuja. Nikavuta mafuta. Pikipiki ikaunguruma, watu wakageuka, kofia ikageuka. Nikainua mkono wa kushoto nimpungie. Halafu nikaona kwamba mteremko umekwisha na watu wameanza, na nikashika breki kama mtu aliyeona chui.

Breki ilifanya kazi. Magurudumu yalisimama kabisa. Pikipiki ndiyo haikusimama.

Nyuma ikaja mbele kutazama kuna nini. Mimi nikawa nasafiri kwa ubavu, kisha kwa mgongo, nikitazama mbingu. Tukaacha njia. Tukaingia kwenye omena. Msidhani kuna kitu kinachoteleza kama omena zilizoanikwa tangu asubuhi. Nilipita juu ya wavu wa kwanza, nikapita juu ya wa pili, na huko mbele niliiona pikipiki imeinuka yenyewe, imesimama wima bila mtu, inaenda zake taratibu kwa heshima mpaka ikaingia ziwani. Ilisimama maji yalipofika kwenye kiti. Ikatoa povu.

Mimi safari yangu iliishia chini ya mizani. Sawasawa chini yake. Ndoano ilikuwa inaning'inia juu ya pua yangu.

Kisha mnunuzi mmoja, mwanamume mwenye sauti nyembamba, akasema, "Mzee, pima na hii."

Ufuo ukapasuka kwa kicheko. Watu walikaa chini. Mama mmoja alilazimika kutua beseni lake ili acheke kwa mikono miwili. Mimi nilijaribu kuinuka, nikateleza juu ya omena nikalala tena, na hiyo iliwasaidia sana. Niliposimama hatimaye, samaki walikuwa kwenye nywele zangu, shingoni mwangu, na mfukoni mwa shati, pale ninapoweka kalamu, walikuwamo wanne.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, amekunja mikono kifuani. Nilijua mara moja kwamba nyavu zile mbili ni zake. Baadaye nilisikia wanamwita Mama Awino.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

Na mimi, ndugu zangu, nikanyoosha shingo. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba kutoka Kisumu.

"Mimi ni rafiki wa Mzee Ogola," nikasema. "Tumefanya kazi pamoja. Nimekuja kumtembelea."

Watu wote wakamgeukia Mzee Ogola. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, penseli sikioni, kofia ile ile. Akanitazama juu hadi chini. Akanitazama tena.

"Huyu simjui," akasema.

Kicheko kikakatika. Kuanguka si kitu. Hata mtoto huanguka. Lakini kusimama mbele ya watu na kusema huyu ni rafiki yangu, naye aseme simjui, hapo ndipo nilipoaibika.

Nikakumbuka miwani. Nikaivua haraka, nikidhani uso utanisaidia. Haukusaidia. Uso wangu ulikuwa vumbi jekundu na rangi nyeusi ya viatu, na mahali pa miwani palikuwa na viduara viwili safi kuzunguka macho. Kicheko kikaanza upya. Lakini Mzee akasogea karibu. Akainamisha kichwa. Akanitazama machoni kwa muda.

"Aah," akasema polepole. "Aah. Ndiyo. Ni yule wa ghala. Yule wa Bungoma." Akasita kidogo. "Wafula."

"Aaah, Wafula," watu wakaitikia wote, kama kanisani.

Mimi naitwa Barasa. Nyinyi mnajua, mama yangu alijua, na daftari la mizani linajua, maana nililisaini mbele yake kila jioni kwa miezi minne. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nikatazama wale watu. Nikamtazama Mama Awino.

"Ndiyo," nikasema. "Wafula."

Wanaume wanne wakaingia ziwani kuvuta pikipiki. Mama Awino akanipa hukumu bila kukunjua mikono.

"Samaki yangu imeingia mchanga. Utaosha. Utaanika tena. Yote."

Nikavua viatu, nikakunja suruali ya kanisani, nikaanza. Kwa saa mbili nilichota omena kwa kikapu, nikaingia nazo majini, nikatikisa, nikarudi kuzitandaza. Mwanzoni nilizimwaga kwa marundo. Mama Awino akanionyesha. Unachukua konzi, unarusha kwa kiganja kama mtu anayepanda mbegu za wimbi, zinatua nyembamba, kila samaki na jua lake. Wenzake walikuja kusaidia, au kutazama, sijui. Walizungumza Kijaluo chao na mimi sikuelewa kitu, isipokuwa kila baada ya maneno matatu nilisikia "Wafula," halafu kicheko. Lakini hakikuwa tena kile cha kwanza. Hiki kilikuwa na nafasi ya mtu kuingia.

"Wafula," mmoja akaniuliza kwa Kiswahili, "bibi yako ako wapi?"

"Bado sijaoa."

"Na mama yako, anakuachilia tu hivyo hivyo?"

Nikarusha konzi moja. Ikaanguka vibaya.

"Alifariki mwaka jana."

Mama Awino akasogeza kikapu chake karibu na changu, akaanza kuanika upande wangu. Tukamaliza safu nzima hivyo. Kisha akasema, "Hapo umejaza sana. Punguza." Nikapunguza.

Mchana Mzee Ogola akanipeleka kwake. Mkewe akanipa maji ya kuoga na shati la Mzee, ambalo mikono yake inaniishia hapa kwenye viwiko. Akapika ugali na samaki mbichi wa mchuzi. Sikuwa nimekula chakula kilichopikwa na mtu mwingine tangu matanga ya Mama. Mzee alifurahi. Alizungumza bila kupumua.

"Unakumbuka, Wafula, siku ile uliangusha gunia la pamba kwa mguu wa meneja?"

Sijawahi kuangusha gunia kwenye mguu wa mtu yeyote.

"Nakumbuka, Mzee," nikasema.

"Akaruka na mguu moja mpaka ofisini!"

"Mpaka ofisini," nikasema. Na kwa kuwa ugali ulikuwa mtamu na mkewe alikuwa anacheka, nikaongeza kwamba meneja alikuwa amevaa viatu vya kahawia. (Sijui vilitoka wapi.) Mzee akapiga meza. "Kahawia kabisa," akasema. Tukaendelea hivyo. Nilikumbuka mambo mengi leo. Nilikumbuka mpaka mvua iliyonyesha ndani ya ghala kabla mimi sijahamia Kisumu.

Saa tisa pikipiki ilikuwa imekauka. Tulisafisha plagi, tukaipiga teke mara nyingi, ikakohoa, ikatema maji ya ziwa, ikawaka. Rangi ya viatu ilikuwa imesuguliwa yote na mchanga. Mzee akanisindikiza mpaka juu ya mteremko, akishika usukani upande mmoja kama mtu anayeongoza ng'ombe mgonjwa.

"Basi, Wafula," akasema. "Uje tena. Usikae sana."

Nikavaa miwani. Nikaweka gia. Ningeweza kuondoka, na safari ijayo Wafula angerudi, angekula, angekumbuka zaidi. Lakini nilifikiria kwenda maili hamsini nikiwa na jina la mtu mwingine, nikazima injini.

"Mzee," nikasema, "mimi ni Barasa."

Akatazama ziwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umekwisha kuwaambia watu. Halafu ukanipa chakula. Pole, Mzee. Na huyo Wafula ni nani?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Hakuna Wafula," Mzee akasema. "Wewe ni mtu wa Bungoma. Huko akina Wafula ni wengi. Nikabahatisha."

"Na gunia la meneja?"

"Gunia niliangusha mimi."

Mzee akavua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na kitu.

"Bwana, nilipotoka kazini niliambia watu wote wa ghala waje. Wote. Miezi minane nimekaa hapa. Nikisikia pikipiki hapo juu nasimama, naangalia. Inapita. Leo imekuja. Sura nilikuwa nimesahau, hiyo ni ukweli, na wewe ulikuwa mweusi na mwekundu. Nikasema sikujui. Halafu nikaona uso wako umeanguka kuliko vile pikipiki ilianguka." Akarudisha kofia kichwani. "Sasa niulize na jina lako mbele ya watu? Ungegeuka urudi Kisumu."

"Mzee, pikipiki yangu ilikuwa ndani ya maji. Ningegeuka na nini?"

Akanitazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na yangu pia, na ndipo nilipogundua kwamba mbavu zangu za kushoto zimeumia vibaya. Tulishikilia ile pikipiki wote wawili, yeye akicheka na mimi nikicheka na kulia kwa maumivu. Alipopata pumzi akasema, "Barasa." Akasema tena, kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma uzito ili niandike. "Barasa. Barasa. Sawa. Imeingia."

Nimerudi pole pole, maili ishirini kwa saa. Nimepitwa na kila kitu chenye gurudumu. Nimefika salama, matairi yamekula maili zake mia, na hata kama siwezi kupumua vizuri, sasa nayaamini. Harufu ya omena haijanitoka. Nimeoga mara mbili. Paka watatu wamekaa mlangoni wananisubiri, mmoja simjui kabisa.

Funzo mnaweza kulitoa wenyewe: rangi ya viatu ni ya viatu. Na najua barua kama hii huishia kwa mtu kuomba asichekwe. Mimi sitaomba hivyo. Ninachoomba ni kwamba msinichekee huko Eldoret, mbali hivyo. Pandeni basi mje mnichekee hapa, kitanda kipo, na mje na sukari, maana ile niliyompelekea Mzee Ogola iliyeyukia ziwani.

Ni mimi,
Barasa.